Vijiwe vya firigisi kwa vifaranga: mchanga wa ufukweni haufai

Ndugu yetu wa Kigamboni ameuliza kama anaweza kuwamwagia vifaranga wake wa kienyeji mchanga wa ufukweni ndani ya bruda, yaani banda lenye joto la kulelea vifaranga, kwa sababu tangu aanze kuwapa chenga za mahindi na mchicha, baadhi yao wanaamka asubuhi magole, yaani mifuko ya chakula iliyo chini ya shingo, yakiwa bado yamejaa na ni magumu. Nami nafuga huku huku Pwani, na jibu langu ni kwamba kuwapa vijiwe ni jambo sahihi, ila si kwa mchanga huo, na si kwa vifaranga ambao magole yao yamekwisha kuwa magumu.

Kuku hana meno. Chakula hukaa kwanza katika gole kikilainika, hupita katika tumbo dogo linalotoa asidi, kisha huingia katika firigisi, ambayo ni msuli mnene unaosaga chakula kwa msaada wa vijiwe alivyomeza kuku mwenyewe. Kifaranga anayekula stata peke yake, yaani chakula cha dukani cha kuanzia, hahitaji vijiwe, kwa kuwa unga ule hulainishwa na maji na asidi bila taabu. Haja huanza siku anapopewa kitu cha kusagwa: chenga, majani, mchwa, wadudu wenye magamba. Anayezunguka uani na mama yake hujiokotea vijiwe bila kufundishwa na mtu, lakini aliyefungiwa juu ya maranda hana cha kuokota isipokuwa hayo maranda, na huyameza kweli.

Sasa kuhusu ufukwe. Mchanga mweupe wa pwani yetu mara nyingi huwa na vipande vya matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa, na chokaa huyeyuka katika asidi. Ukiwapa vifaranga mchanga huo, vijiwe vitapungua ndani ya firigisi kabla havijafanya kazi ya maana, na mwilini itabaki kalsiamu ambayo hawakuihitaji, pamoja na chumvi ambayo huwaharisha na ikizidi huwaua. Siku utakapochinja jogoo aliyekuwa akitembea huru, pasua firigisi, ubandue ile ngozi ngumu ya manjano, utazame kilichobaki: utakuta punje nyeupe na za kahawia zilizolainika kingo, pengine na kipande cha chupa au kifungo cha shati. Hivyo ndivyo vitu vinavyostahimili. Ukitaka kupima mawe kabla ya kuwapa, yadondoshee ndimu au siki. Yakitoa povu, hayo ni ya chokaa, yaache. Kokoto zinazotokana na mawe ya matumbawe ya Kunduchi hutoa povu. Zile ngumu za granite zinazoletwa Dar es Salaam kutoka Lugoba hazitoi, na vumbi lake la kokoto, likishaoshwa vizuri, ndilo ninalolipendelea kuliko yote. Mchanga mnene wa mtoni, wenye punje zinazong'aa, unafaa pia.

Suala la kalsiamu nalisisitiza kwa kuwa katika maduka ya mifugo mtu akiomba mawe ya kuku mara nyingi hupewa makombe yaliyopondwa au chokaa ya mifugo, na vitu hivyo ni vya kujenga ganda la yai, havisagi chochote. Chakula cha vifaranga huwa na kalsiamu karibu asilimia 1, cha kuku wanaotaga huwa na asilimia 3.5 hadi 4. Tofauti hiyo kifaranga huilipa kwa figo zake, nawe hutaona dalili mapema. Maganda ya mayai, makombe na chakula cha wanaotaga viwekwe mbali na bruda mpaka mitetea wakaribie kutaga.

Katika kuandaa, kinachohitaji uangalifu zaidi ni ukubwa wa punje. Kifaranga wa wiki za mwanzo anahitaji punje za milimita 1 hadi 2. Mimi hupitisha mchanga katika chekeche la matundu madogo ili mawe makubwa yabaki juu, kisha kilichopita nakichekecha tena kwa kipande cha waya wa mbu: vumbi na unga hudondoka, na kinachobaki juu ya waya ndicho cha kuwapa. Nakiosha mpaka maji yatoke meupe, halafu nakikaanga katika sufuria kavu hadi kiwe cha moto sana, kwa maana mchanga uliookotwa mahali walipopita kuku wengine unaweza kubeba mayai ya koksidia, vijidudu vinavyowaharisha damu vifaranga, ambayo joto huyaua. Mchanga uliobaki kwenye jengo usiutumie hata ukikupendeza macho. Una saruji, rangi na vipande vya misumari.

Vijiwe ulivyoviandaa usivimwage juu ya maranda wala usivichanganye na stata. Weka kidogo katika kifuniko kipana cha ndoo, kijiko kimoja cha chai kwa vifaranga ishirini hivi, tena baada ya kushiba, kwa sababu kifaranga mwenye njaa hujaza gole kwa mawe akidhani ni chakula. Siku zinazofuata ataokota kwa kiasi chake. Wakifika wiki ya nane hivi waongezee ukubwa, milimita 2 hadi 3, na wale wa mbegu fupi, yaani wenye umbo dogo, wabaki na ukubwa huo hata wakikomaa.

Wale ambao magole yao ni magumu sasa usiwape vijiwe kwanza, kwa kuwa mawe yatajikusanya juu ya kizuizi kilichopo. Ondoa chenga na mchicha kwa siku moja au mbili, wape stata iliyoloweshwa na maji safi ya kutosha, na lisugue gole taratibu kwa vidole bila kumlaza kifaranga chali. Gole likiwa tupu asubuhi, rudisha mchicha ukiwa umekatwa vipande vifupi kabisa, maana majani marefu hujisokota, na hapo ndipo uweke kifuniko cha vijiwe. Likiendelea kuwa gumu, au mdomo ukianza kunuka uchachu, mpeleke kwa afisa mifugo.