Maswali Yenu: Mbona risasi iko kwao, kwetu hakuna?

SWALI: Tuna shamba la ukoo upande wa Mazeras. Wazee husema Kinangoni kulichimbwa risasi na fedha, na mawe ya kule ni ya mchanga kama yetu. Mbona kwetu hakuna kitu? Tumeokota jiwe jeupe, zito ajabu. Tuchimbe wapi? – Msomaji, Changamwe

JIBU: Mawe kufanana hakutoshi. Risasi ya Kinangoni, kama ya Vitengeni kule Kilifi, ililetwa na maji ya moto yenye chumvi nyingi, na maji hayo yalihitaji njia. Njia ni mpasuko: mahali miamba ilipokatika, upande mmoja ukateleza kando ya mwingine.

Hata hivyo mpasuko mrefu ulionyooka mara nyingi ni mtupu. Miamba ikisuguana husagika ikawa udongo wa mfinyanzi, nao huziba maji. Tafuteni penye kona au njia panda. Mpasuko ukipinda, kuta zikiteleza huachana na kuacha uwazi. Ukipinda upande usiofaa, hubanwa badala ya kufunguka. Mipasuko miwili ikikutana, mwamba huvunjikavunjika na maji yakapata nafasi. Humo ndimo yanapopoa na kukutana na maji mengine. Bari, aina ya metali, na salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, havikai pamoja majini: vikikutana tu, baraiti, madini mazito, hutuama. Risasi, iliyosafiri ikishikana na klorini ya chumvi, hukutana na salfa ikawa galena, jiwe lenye risasi.

Jiwe lenu jeupe huenda ni baraiti, na kulipima hakuhitaji maabara. Lipimeni kavu, kisha lifungeni uzi, litumbukizeni majini likining'inia kwenye mizani. Likiwa gramu 900 kavu na 700 majini, tofauti ni 200. 900 gawanya kwa 200 ni 4.5, uzito wa baraiti ukilinganishwa na maji. Jiwe la mchanga halifiki 2.7. Galena ni kama 7.5.

Msichimbe mlipoliokota, kwani mvua huteremsha mawe. Pandeni mlima mkitia alama kila kipande hadi vinapokoma. Chanzo kiko karibu na hapo. Mtaro uukate mshipa, yaani utepe wa madini uliojaza mpasuko, usiufuate. Chukueni sampuli kila mita 1, kilo 2 hadi 3, pamoja na mawe ya kuta zote mbili. Mkichagua vinavyong'aa pekee, maabara itapima vipande hivyo, si mshipa. Mshipa ukikatika ghafla, huenda mpasuko wa baadaye umeusogeza: tazameni michirizi ukutani, hufuata mwelekeo wa kuteleza.

Kwanza lakini ombeni kibali. Kwa Sheria ya Madini ya 2016, madini ni mali ya Jamhuri hata yakiwa chini ya shamba lenu. Galena msiisage nyumbani wala kuichoma jikoni, maana vumbi na moshi wake ni sumu ya risasi, na watoto ndio huumia zaidi.