Kufundisha Utafutaji wa Maktaba Mtandaoni: Swali Kwanza, Kanzidata Baadaye

Juzi mhadhiri mmoja wa Malindi aliniletea ujumbe. Wanafunzi wake wametawanyika: wengine Lamu mjini, wengine Mpeketoni, Kizingitini, Watamu. Amewafanyia kipindi cha saa mbili kwa Zoom kuhusu maktaba ya chuo, na bado kazi walizoleta zimejaa blogu na marejeleo yasiyokuwepo duniani. Anauliza kama aongeze kipindi cha pili.

La, mwalimu, apunguze. Mtu hajifunzi kutafuta kwa kutazama skrini ya mwenzake saa mbili, na kwa mwanafunzi wa Kizingitini anayefuata kwa simu hilo ni bando limeliwa bure. Kigawe kipindi hicho vipande vinne vya dakika 20, na kila kipande kitanguliwe na zoezi. Video ziwe za dakika nne au tano, zirekodiwe kwenye simu wala si kwenye kompyuta, kwa sababu menyu za simu hazikai mahali pamoja na za kompyuta. Zipunguze ubora hadi 480p, uzitume kwa WhatsApp, na hatua zile zile uziandike kwa maneno chini yake. Asiye na bando la video atasoma.

Sasa tuje kwenye kosa kubwa. Wakutubi wengi (na hapa sisi wa fani hii hatuna pa kujificha) huanza na orodha ya kanzidata, yaani hazina za makala mtandaoni: hii ya sayansi, hii ya sheria, hii ya elimu. Kumpa mwanafunzi orodha hiyo kabla hajawa na swali ni kumkabidhi nyavu kumi mtu asiyejua anakwenda kuvua nini. Kipande cha kwanza kisiguse kanzidata hata moja. Kiwe cha swali tu.

Mwanafunzi atakuletea “Athari za bandari ya Lamu”. Hilo si swali. Mbane: athari kwa nani? Za aina gani? Tangu lini? Mwishowe mtafika kwenye jambo kama hili: bandari imebadilishaje kipato cha wavuvi wadogo wa Lamu? Hapo mchoree safu tatu kwenye karatasi: bandari, wavuvi, kipato. Chini ya kila safu aandike majina yote ambayo mtafiti angeweza kuyatumia, na ayaandike kwa Kiingereza pia, maana makala nyingi za majarida kuhusu Pwani yetu zimeandikwa kwa lugha hiyo. Baada ya hapo anaunganisha (LAPSSET ni mradi mkubwa wa usafirishaji ambao bandari ya Lamu ni sehemu yake):

(LAPSSET OR "Lamu port") AND (fisher* OR "small-scale fisheries") AND (livelihood* OR income)

OR huunganisha maneno ya safu moja, AND huunganisha safu na safu. Mabano yasisahaulike, la sivyo kanzidata itayapanga maneno kwa namna yake na matokeo yatakuwa vurugu. AND na OR ziandikwe kwa herufi kubwa, kwani zipo kanzidata zinazozipuuza zikiwa ndogo. Alama za kunukuu huyashika maneno yakae pamoja. Nyota hukata neno kwenye shina ili miisho yote iingie, na hapa ndipo wanafunzi wetu huumia: akiandika port* akitafuta habari za bandari, ataletewa Portugal, Portuguese na portfolio. Kwa historia ya Malindi, mji aliofika Vasco da Gama mwaka 1498, Wareno watamjazia ukurasa mzima. Nyota iwekwe pale tu shina linapojitosheleza. Google Scholar nayo, ile Google ya makala za kitaaluma, haihitaji nyota, yenyewe hutafuta maneno ya karibu.

Majina ya mahali yanataka somo lake. Gede, penye magofu ya mji wa kale, huandikwa pia Gedi, na anayetafuta moja anakosa nusu ya maandishi kuhusu magofu yale. Malindi nayo ni jina la mtaa wa Unguja pia, kwa hiyo matokeo huchanganyika. Wengi hukimbilia NOT Zanzibar (yaani ondoa kila penye neno Zanzibar), na kwa kufanya hivyo huitupa kila makala inayolinganisha miji hiyo miwili. Afadhali aongeze AND Kenya.

Matokeo yakiwa sifuri, aondoe safu ya tatu kabla ya kubadilisha kanzidata. Yakiwa maelfu, aongeze safu au abane miaka.

Kipande cha pili ni kuingia. Mwanafunzi aliye nyumbani mtaa wa Langoni, Lamu, akifungua makala ya jarida, anaombwa dola kadhaa, na hapo anaamua kwamba chuo hakina. Mweleze sababu: kanzidata nyingi humtambua mtu kwa anwani ya IP ya mtandao wa chuo, na simu yake iko kwenye mtandao wa kampuni ya simu. Lazima apitie lango la maktaba la watu wa nje ya chuo, aingize nywila yake, ndipo afungue kanzidata kutoka humo humo ndani. Akianzia Google anarudi nje. Kwenye Google Scholar aende kwenye mipangilio, sehemu ya “Library links”, aongeze chuo chake kama kimo. Kisha azoee kubonyeza “All versions” chini ya kila matokeo, maana mara nyingi nakala ya bure imelala huko. JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma, humruhusu mwenye akaunti binafsi ya bure kusoma makala hadi 100 kwa mwezi mtandaoni. DOAJ, orodha ya majarida yaliyo wazi, ni bure yote, na AJOL ina majarida mengi ya Afrika yaliyo wazi. Hukumu za mahakama ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law, ikiwemo ile ya Mahakama Kuu ya Malindi ya 2018 iliyowapa wavuvi wa Lamu fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari. Mwanafunzi wa mada hii asiyeisoma hukumu hiyo hajaanza kazi.

Kipande cha tatu, marejeleo ya kubuni. Programu za akili bandia hutunga makala zenye majina mazuri kabisa. Kuzikagua ni kazi ya dakika mbili. Chukua DOI, ile namba ya kutambulisha makala inayoanza na 10., iweke baada ya doi.org/ na ufungue. Isipofunguka, itie shaka. Ikifunguka, usishangilie: soma kichwa na mwandishi, kwa sababu namba ya kweli hubandikwa kwenye makala ya uongo. Kama DOI haipo kabisa, hilo peke yake si dalili ya udanganyifu, kwani makala za zamani na majarida mengi ya kwetu hayana. Itafute kwa kichwa chake ndani ya alama za kunukuu, kisha uingie kwenye tovuti ya jarida uone kama toleo hilo limo kweli.

Tarehe nayo ikaguliwe. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, kwa hiyo utafiti wa 2014 kuhusu athari zake unatoa makadirio. Vivyo hivyo ukurasa wa 2016 unaosema kiwanda cha umeme wa makaa kinakuja Lamu: leseni yake ilifutwa na Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira (National Environment Tribunal) Juni 2019. Anayenukuu bila kutazama mwaka anamwaibisha hata mwalimu wake.

Kuandika marejeleo kusikupotezee muda. Waonyeshe Zotero, programu ya kupanga marejeleo, ni bure, kisha wakague wenyewe ilichoandika, maana huchukua makosa ya tovuti kama yalivyo.

Kipande cha nne ni daftari la utafutaji, na hilo ndilo la kusahihisha. Safu nne: kanzidata, maneno niliyoandika, idadi ya matokeo, nilichobadilisha na kwa nini. Mistari isipungue sita. Lipe alama 60, orodha ya vyanzo ipate 40. Orodha huazimwa kwa rafiki, lakini safu ya “kwa nini” ni ngumu kunakili ikiwa kila mmoja ana swali lake. Daftari liletwe siku mbili kabla ya kikao, na dakika 20 zile uzitumie kufungua mistari mitatu iliyokwama, bila kutaja wenyewe, mkiirekebisha pamoja. Asiyekuwa na mtandao siku hiyo apige picha ya karatasi yake na aitume bando likirudi.