Nitamjuaje developa anayejua kazi kweli?

SWALI: Tuna mfumo wa sacco, wanachama wanalipia kwa M-Pesa kupitia Daraja (njia ya Safaricom ya kuunganisha mfumo wako na M-Pesa). Tunatafuta developa wa pili, CV zimejaa na kila mtu anasema anajua Python. Tuwape mtihani gani?

JIBU: Kaka, CV weka pembeni, na yale mafumbo ya ubaoni achana nayo. FizzBuzz (kale kamtihani ka kuandika namba, zinazogawanyika kwa 3 unaweka Fizz, kwa 5 Buzz) ilisaidia kuchuja watu ilipovuma 2007, siku hizi ChatGPT inaimaliza kabla hujamaliza kuuliza. Na kuna Max Howell, yule aliyetengeneza Homebrew (programu ya kusakinishia programu nyingine kwenye Mac), 2015 alilalamika hadharani kua Google wamemkataa juu ya swali la kupindua mti wa binari (data iliyopangwa kwa matawi mawili mawili) ubaoni, na programu yake mainjinia wao wanaitumia.

Mi ningechukua kipande cha mfumo wenu wenyewe, nikaondoa siri zote (nywila, funguo, data za wanachama), halafu nikakiharibu makusudi. Ile sehemu inayopokea majibu ya malipo toka Daraja, ifanye iongeze salio kila jibu linapoingia, bila kuangalia kama CheckoutRequestID hiyo (namba ya kutambulisha ombi la malipo) ishaingia. Sa mwambie mtu hivi: mhasibu analalamika, mwanachama kalipa 500 ila anasomeka ana 1,000 (mwanachama mwenyewe wala hajalalamika, si unajua watu). Mpe saa moja, intaneti iwepo, hata AI atumie tu, ila kaa pembeni yake.

Hapo ndo utamuona. Kuna atakaefuta ile rekodi ya pili kwenye databesi aseme tayari, huyo mshukuru aende. Kuna atakaeomba logi (kumbukumbu za mfumo) kwanza, airudie shida mwenyewe mpaka aione, ndo aguse kitu. Akiweka tu "kama ipo usiongeze", muulize je majibu mawili yakiingia sekunde moja? Mzuri atakwambia databesi yenyewe ikatae CheckoutRequestID kujirudia, na akiwa mkali zaidi atauliza kama mnaangalia ResultCode (namba inayosema malipo yamefaulu au la), maana 1032 ni mteja kakataa kulipa na bado jibu linakuja vilevile. Ambae hajafika huko ila anauliza maswali ya maana, kwa nafasi ya junia mi namchukua.

Ila wote wape kazi ileile, na vigezo vya alama mviandike kabla ya wa kwanza kuingia, la sivyo mtaishia kumpa yule anaeongea kizungu kizuri. Na msimpe mtu kazi ya wiki nzima aende nayo nyumbani bure, ikizidi saa mbili mlipeni.