Usifute kitu kwanza

Kibanda changu kiko karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Nauza mega za intaneti, nahamisha pesa, natengeneza simu. Wanawake wakiona foleni imeisha wananisogelea: "Yaya, nisafishie hii simu. Bwana anajua kila kitu." Nami najibu kwamba tutaiacha kwanza kama ilivyo.

Mtu anayekuchunga kwa simu, siku unapomfungia njia ndiyo siku anajua kwamba umemgundua, na wengine hapo ndipo hasira inapogeuka ngumi. Kabla ya kugusa chochote jiulize: akijua usiku huu, mimi na watoto tutalala wapi? Kama bado huna pa kulala, endelea kuitumia simu hiyo kwa mambo ya kila siku, salamu za mama mkwe, bei ya unga. Mipango yako ipitie simu nyingine.

Mdogo wangu aliishi hivyo. Bwana yake alikuwa akifanya kazi Kolwezi, kama kilomita 300 kutoka hapa, lakini mdogo wangu akipita mtaa wa Katuba kunisalimia, jioni anaulizwa Katuba alifuata nini. Akamshuku wifi yake waliyekuwa wanaishi naye, hata salamu zikakatika. Mama mmoja wa kanisani akasema ni ulozi. Nilipoishika simu sikukuta maajabu. Bwana ndiye aliyeinunua na kuifungulia akaunti ya Google, na neno la siri lilibaki kwake. Mwenye akaunti hiyo anaweza kuitafuta simu kwenye ramani kama vile imepotea, na kuona picha na namba zinazohifadhiwa humo. Kwenye WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, tulikuta kompyuta ambayo si yetu. Kuiunganisha ni kazi ya dakika moja, wewe ukiwa usingizini na simu inafunguka kwa kidole chako. Mimi alama ya kidole siitaki kabisa. Weka namba, na isiwe mwaka aliozaliwa mtoto.

Kompyuta ile hatukuiondoa siku hiyo. Niliipiga picha kwa simu yangu, pamoja na saa iliyotumika mara ya mwisho. Ukipiga picha ya skrini kwa simu inayochungwa, inaweza kwenda yenyewe kwenye akaunti anayoisoma yeye. Na ushahidi una kazi: sheria ya dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inamwadhibu anayeingia bila haki kwenye mfumo wa mwingine. Onyesha wakili kabla hujafuta.

Simu ya pili si lazima iwe ya bei. Muhimu ni laini: isajiliwe kwa kadi yako mwenyewe ya mpiga kura. Laini iliyo kwa jina la bwana, yeye anaweza kwenda kusema imepotea akapewa nyingine, na hapo namba za siri ambazo WhatsApp hutuma kwa ujumbe, na pesa zako, zinaingia kwake. Wapo wanaodhani mke haruhusiwi kusajili laini bila mume. Ile ruhusa ya mume iliyokuwa kwenye Kodi ya Familia, yaani sheria ya familia, ya 1987 iliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016.

Kwenye simu hiyo ya pili fungua akaunti mpya kabisa ya Google, na ile ya zamani usiiingize humo hata kwa kutafuta namba ya shangazi. Namba ziandike kwenye daftari. WhatsApp iwekee ile PIN ya tarakimu sita. Simu yenyewe ilale kwa mtu unayemwamini. Kwa jinsi umeme unavyokatika huku kwetu, nani atashangaa umeacha simu kwa jirani ichaji?

Programu za kijasusi zipo, lakini katika simu ninazoletewa ni chache kuliko watu wanavyodhani. Ukiona mega zinaisha bila sababu, na kuna programu usiyoijua iliyopewa ruhusa ya kusoma skrini, mpelekee fundi, ila asiwe rafiki wa bwana. Kurudisha simu kama ilivyotoka kiwandani huondoa nyingi ya programu hizo, na ushahidi unaondoka nazo. Kisha ukiingiza tena akaunti ile ile, umemfungulia mlango upya.

Ukishafika mahali salama, hapo sasa ondoa vifaa vyote, badilisha maneno ya siri ukitumia simu mpya, na angalia kama namba yake au barua pepe yake ndiyo iliyowekwa kurejesha akaunti zako. Hiyo wengi wanaisahau.

Halafu kuna watoto. Tableti aliyowanunulia ina akaunti yake, na mtoto akiulizwa "mko wapi?" na baba yake atasema, kwa nini asiseme? Mdogo wangu aliiacha tableti ile kwa bwana. Watoto walilia, wakanichosha kwelikweli, nikawa nawaazima simu yangu wacheze mchezo wa magari.