Muulize Fundi: Maji Ndani ya Taa

SWALI: Assalaam alaykum, Fundi. Mimi ni mwalimu, nakaa Wete na nasomesha Chake Chake. Gari yangu ni ndogo, ya mtumba kutoka Japani. Tangu masika yaanze, taa ya mbele ya kushoto inafanya ukungu kwa ndani, na juzi nimeona maji yamesimama chini ya kioo. Ya kulia haina kitu. Fundi mmoja ameniambia niizibe pande zote kwa silikoni. Mwengine anataka kuitoboa kwa chini ili maji yatoke. Nimfuate yupi?

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Usimfuate hata mmoja, na nakuomba sana usikubali taa hiyo itiwe drili.

Taa ya gari ina matundu yake ya kupumulia kwa nyuma. Mengine yamevishwa kijipira kilichopinda, mengine yamebandikwa kitambaa chembamba kinachopitisha hewa na kuzuia maji. Ukiwasha taa, hewa ya ndani hupata moto, ikatanuka na kutoka. Ukizima, au mvua ikikipiga kioo, hupoa na kuvuta hewa ya nje. Hewa ya Pemba wakati wa masika imejaa unyevu, na unyevu huo ukigusa kioo kilichopoa hugeuka matone. Ukungu mwepesi, ulio sawasawa kwenye taa zote mbili, na unaoondoka ukishakwenda masafa na taa zimewaka, uache. Huyo anayetaka kuziba pande zote ataziba na matundu hayo, na unyevu uliomo hautapata pa kutokea.

Yako ni kadhia nyengine. Taa moja, tena maji yamesimama: pana pahala yanaingia. Anza nyuma, kwenye mfuniko wa mpira unaoziba pale globu ilipo. Ulibadilishiwa globu karibuni? Mpira ule ukirudishwa upande, au ukasahauliwa kabisa, kila dimbwi unalopita linarusha maji ndani. Gari nyingi ninazoletewa kwa shida hii, ukifungua boneti tu jawabu unaliona: mpira umekakamaa na kupasuka, au haupo. Kisha tazama kioo, ambacho siku hizi ni plastiki, kama kina ufa wa jiwe au wa kugongwa bampa. Mwisho kabisa ndio ushuku gundi inayoshikanisha kioo na kasha.

Kuipata njia ya maji, vua taa nzima, rudisha mpira wake, ziba matundu ya kupumulia kwa vidole isipokuwa moja, halafu upulize hapo kwa mdomo huku mwenzako akipaka povu la sabuni kwenye maungio. Povu litakapotoa mapovu ndipo penye tundu. Usipulize kwa kompresa, utaifumua gundi iliyo nzima.

Kabla ya kuziba chochote, kausha. Toa globu, mwaga maji, iache taa juani mgongo wazi mpaka ndani pawe pakavu kabisa. Usiingize kitambaa kupangusa ule mng'aro wa ndani: ni utando mwembamba sana wa alumini, ukikwaruzika haurudi. Silikoni inayonuka siki nayo usiitumie, mvuke wake unakula madini. Na globu ya halojeni, ile ya kawaida yenye waya unaowaka kwa moto mkali, usiishike kioo chake kwa vidole vitupu, mafuta ya mkono huiua mapema.

Kuhusu kutoboa: tundu la chini litatoa maji ya leo, na kesho litaingiza tope, vumbi na chumvi ya hewa ya bahari. Chumvi ikifika kwenye ule mng'aro na kwenye soketi ya waya, utanunua taa nzima.

Usilichelewe jambo hili, Mwalimu. Ukungu hutawanya mwanga: wewe huoni mbali, na anayekuja mbele yako unampiga machoni. Njia hiyo ya Chake na Wete ina milima na kona, watu wanarudi msikitini baada ya Isha, na gari za ng'ombe hazina taa. Tone la maji likiiangukia globu iliyo moto, linaweza kuipasua ukiwa katikati ya kona.

SWALI: Fundi, mimi dereva wa Bububu. Nimetia globu za LED na tangu hapo ukungu hauondoki. Kwa nini?

JIBU: Sababu ziko mbili. Globu ya halojeni humwaga joto jingi mbele, nalo ndilo lililokuwa likikausha kioo. LED joto lake linabaki nyuma, kwenye kifeni cha kuipoza kilicho mgongoni mwake. Ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi: feni hiyo huwa haienei ndani ya mpira, na wengi huukata mpira ili ienee. Kauangalie wako leo. Ukiukuta umekatwa, nunua mpira mzima na urudishe globu za halojeni za saizi iliyoandikwa kwenye kasha la taa.