The Battle Cats: usipange paka kwa rangi ya kapsuli

Msomaji anayecheza The Battle Cats, mchezo wa simu wa kutuma paka wavunje ngome ya adui, ameuliza swali ambalo huja karibu kila wiki: "Kaka, kati ya Uber zangu tatu, ni ipi namba moja?" Akaweka picha ya kikosi chake. Nafasi kumi, Uber tatu (paka adimu sana wa kapsuli za bahati nasibu), Super Rare tano (ngazi ya chini yake), na Tank Cat, paka wa ukuta, hayumo. Jibu limo humo humo kwenye picha.

Mchezo huu wa PONOS wa Japani hauangalii nani adimu. Unaangalia pesa, muda wa paka kurudi tayari, na umbali anaopiga. Orodha nyingi za madaraja huzungumzia nguvu ya shambulio tu, ndiyo maana zinawapoteza watu.

Daraja la juu kabisa: Tank Cat, ambaye akifika kiwango cha 10 hugeuka Wall Cat. Kwenye sura ya kwanza ya Empire of Cats, kampeni ya mwanzo ya mchezo, bei yake ni 100, sura ya pili 150, ya tatu 200. Lizard Cat ni 1000 kwenye sura ile ile ya kwanza, na Titan Cat ni ghali zaidi. Yaani Titan mmoja ni sawa na Tank wengi, na Titan akifa kabla hajapiga, pesa yote imekwenda na maji. Tank kazi yake ni kufa polepole ili wa nyuma wapige. Bonyeza kila anapokuwa tayari, usingoje wa mbele afe ndipo umtume mwingine. Pengo la sekunde chache linatosha adui akafikia wapigaji wako.

Daraja hilo hilo, kwa upande wa wapigaji, yumo Bahamut Cat. Unampata kwa kumaliza sura ya tatu ya Empire of Cats, hana bahati nasibu wala hongo. Hupiga mbali, na hupiga wote walio ndani ya eneo lake kwa pigo moja zito. Kasoro yake ni kwamba ni ghali, huchelewa kurudi, na hujiandaa muda mrefu kabla ya kupiga; akisukumwa nyuma katikati ya maandalizi, pigo linapotea. Basi mtume ukuta ukiwa tayari umesimama, si kabla. Umbo lake la tatu, Awakened Bahamut, ni mnyama mwingine kabisa: hukimbia mbele kuliko ukuta wenyewe. Anafaa kuvamia haraka, na ukimtumia kama yule wa kwanza atakufa peke yake huko mbele.

Daraja la pili ni Lizard Cat, au Dragon Cat baada ya kiwango cha 10. Masafa marefu, bei ya wastani. Humpiga adui mmoja tu kwa wakati, kwa hiyo kundi la wadogo wakijaa mbele, pigo linaishia kwao na bosi anabaki mzima. Hapo mwongeze Bird Cat, ambaye hugusa wote walio mbele yake. Axe na Cow nawaweka chini zaidi. Wanafaa kuwahi mwanzoni, kisha basi.

Jurassic Cat ni Rare tu, na watu wanamdharau. Adui wa chuma hupunguzwa uhai wa pointi 1 kwa kila pigo la kawaida, hata liwe la Uber. Pigo la kukatiza kinga (critical) ndilo linalompenya, na Jurassic ana nafasi ya kulipata. Kwenye hatua yenye Metal Hippoe, Jurassic watatu nyuma ya ukuta watafanya kazi ambayo Uber yako haiwezi kabisa. Hatua ikiwa haina chuma, mtoe kwenye kikosi.

Sasa Uber. Mvuto wa kapsuli 11 kwa Cat Food 1500 (sarafu ya mchezo) una uwezekano wa kawaida wa asilimia 5 wa kutoa Uber kwa kila kapsuli. Ukipiga hesabu, 0.95 mara yenyewe 11, zaidi ya nusu ya watu watatoka bila Uber hata moja isipokuwa siku za dhamana, ambazo Uber mmoja ni hakika. Weka akiba hadi dhamana ije. Na ukimpata, soma kwanza anapiga aina gani ya adui. Anayewamaliza wekundu si bora wala mbaya. Ni wa wekundu. Kwenye hatua ya malaika mwache nyumbani.

Wale Crazed, matoleo makali ya paka wa kawaida, hatua zao huja siku maalumu za mwezi: Crazed Cat tarehe 3, Tank tarehe 6, kisha kila baada ya siku tatu hadi Titan tarehe 27. Crazed Tank anastahili kuwekewa alamu ya simu. Kwake ukuta unakuwa wa tabaka mbili, na hapo ndipo hatua ngumu huanza kulegea.

Jambo la mwisho ambalo huua hata kikosi kizuri: kwenye hatua nyingi bosi hutoka pale ngome ya adui inapopigwa mara ya kwanza, na wimbi lake huwarudisha paka wote nyuma. Kwa hiyo usiiguse ngome mapema. Ngoja adui wa kwanza wakaribie upande wako, pesa ikiingia. Pandisha Worker Cat, anayeongeza kasi ya pesa, mara mbili au tatu. Jenga ukuta wa Tank, weka Lizard wawili nyuma, na uwe na bei ya Bahamut mkononi kabla ya pigo la kwanza. Wimbi likishapita, tuma Tank tena papo hapo, ndipo ubonyeze Bahamut.