Ukitaka Kuelewa Pembe za Dume, Anza kwa Kuwatazama Majike

Kwa wote wanaopanga kwenda hifadhini, na hasa walimu wa baiolojia wanaopeleka wanafunzi, nina ushauri mmoja uliotokana na miaka mingi ya kuongoza wageni katika hifadhi za kaskazini mwa Tanzania: mnapomkuta dume mwenye pembe za kutisha, msimtazame yeye kwanza. Watazameni majike. Angalieni wako wangapi, wamekusanyika au wametawanyika, kisha jiulizeni kama dume mmoja anaweza kuwazuia madume wenzake wasiwafikie. Kwa wanyama wengi wa mbuga zetu, jibu la swali hilo ndilo linaloeleza kwa nini dume huyo amebeba silaha nzito kiasi hicho, na kwa nini mwili wake umempita jike kwa mbali.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara garini ni hili: kama pembe ni za kujikinga na simba na chui, mbona swala pala jike hana? Charles Darwin alilishughulikia jambo hili kwa kina mwaka 1871, alipotenganisha sifa zinazomsaidia mnyama kuishi na zile zinazomsaidia kupata mwenzi. Swala pala jike hubeba mimba kwa takribani miezi sita na nusu na huzaa mtoto mmoja. Hata akipandwa na madume wengi, idadi ya watoto wake haiongezeki. Dume anayelishika eneo lenye majike wengi, kinyume chake, anaweza kuwa baba wa watoto wengi katika msimu mmoja, huku wenzake wakiishia bila hata mmoja. Kwa kuwa kila kizazi huzaliwa na washindi wachache, chochote kilichowapa ushindi huo, iwe ni urefu wa pembe, unene wa shingo au uzito wa mwili, hurithiwa na madume wanaofuata. Huo ndio uteuzi wa kijinsia, na hakuna mnyama anayeufundisha vizuri kuliko swala pala.

Tafuteni mahali ambapo kundi la majike linalisha jirani na kundi la madume wasio na maeneo, mzime injini, kisha mkae hapo bila haraka hata kama wengine garini wanataka kwenda kumtafuta chui. Dume mwenye eneo mtamtambua kwa kutotulia kwake. Humrudisha jike anayeelekea mpakani, hunusa mkojo wa mwingine na kuinua pua juu huku amekunja mdomo, kisha hutimua mbio kumfukuza kijana aliyesogea karibu mno, na katika pilikapilika hizo hukosa muda wa kula. Msimu wa kupandana ukipamba moto, hukoroma kwa sauti nzito ambayo wageni wengi hudhani ni ya mnyama mla nyama. Mtazameni kwa darubini akiwa ameinamisha kichwa: pembe zimepinda kwa nyuma na kwa nje, zinaweza kufikia sentimita 90, na sehemu kubwa ya urefu wake ina mapindi yaliyoinuka. Madume wawili wanapokutana uso kwa uso, mapindi hayo huzinasa pembe za mpinzani zisiteleze, na pambano huwa la kusukumana, miguu ya nyuma ikichimba udongo, hadi mmoja anapojinasua na kukimbia. Kuchomana hutokea pia, ndiyo maana ngozi ya kichwani na shingoni mwa dume ni nene kuliko ya jike. Dume ana uzito wa kati ya kilo 53 na 76 hivi, jike kati ya kilo 40 na 53, na tofauti hiyo inaonekana waziwazi wanaposimama bega kwa bega.

Kinachonigusa zaidi ni mwisho wa utawala wake. Baada ya wiki au miezi michache, dume huyo hukonda, nguvu humwishia, na mwingine humng'oa. Hurudi kwenye kundi la madume kula na kujijenga upya. Mwanafunzi aliyeona mbavu za dume aliyechoka hataandika kwenye mtihani kwamba pembe kubwa ni faida tupu.

Siku hiyohiyo, mwombeni dereva awapeleke kwenye vichaka wanakoishi digidigi. Hapo mtakuta dume na jike wakiishi wawili kwa muda mrefu katika eneo lao dogo. Dume hana kundi la kulilinda, ana jike mmoja, na faida ya kuwa jitu haipo: pembe zake ni fupi za sentimita chache tu, na jike mara nyingi humzidi kidogo kwa ukubwa. Wote wawili, digidigi na swala pala, ni wa familia moja. Kuwaona kwa siku moja kunaeleza mengi kuliko maelezo yangu yote ya garini.

Hata hivyo, walimu wawe waangalifu wasiseme kwamba kila pembe ni ya kugombea majike. Nyumbu, nyati na choroa wana pembe kwa jinsia zote mbili. Utafiti wa Theodore Stankowich na Tim Caro uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba pembe za majike hupatikana zaidi kwa wanyama wakubwa wanaokaa mahali peupe, ambako hawawezi kujificha adui asiwaone, na hivyo hulazimika kujihami. Umbo lenyewe linasaidia kutofautisha kazi hizo mbili. Pembe za choroa jike ni nyembamba na ndefu, wakati mwingine kuliko za dume, lakini za dume ni nene zaidi kwenye shina, mahali panapobeba kishindo cha kugongana. Kwa nyati, za dume mzima zimeungana na kuwa ngao ngumu juu ya paji la uso, na za jike hazifikii unene huo.

Twiga nao wanafaa kwa zoezi la macho. Tazameni ncha za pembe zao fupi zilizofunikwa ngozi: za jike ni nyembamba na zina kishungi cha nywele nyeusi, za dume ni nene na zina upara kwa sababu ya kupigana kwa kurusha shingo na kugonga kwa kichwa, na mfupa wa fuvu lake huendelea kuongezeka kadiri anavyozeeka. Nyani dume hufikia karibu mara mbili ya uzito wa jike, na meno yake marefu ya pembeni huyaona kila mtu anapopiga miayo, tendo ambalo wageni hulichukulia kuwa dalili ya usingizi ilhali mara nyingi ni onyo.

Kwa simba, tazameni rangi. Peyton West na Craig Packer, katika utafiti wa Serengeti uliochapishwa mwaka 2002, waliweka sanamu za simba dume zenye ukubwa halisi na manyoya ya shingo yaliyotofautiana. Majike walivutiwa na yenye manyoya meusi, na madume waliikwepa sanamu yenye manyoya marefu. Manyoya meusi huambatana na homoni nyingi za kiume na lishe nzuri, lakini humwongezea simba joto. Hivyo humwezesha mpinzani kupima nguvu za mwenzake kabla damu haijamwagika.

Wala msidhani kwamba majike husubiri tu. Kule Maasai Mara, nyamera majike hugombania madume wanaoshika viwanja vya katikati vya kupandania, na jike anaweza kumshambulia dume aliye katika harakati za kumpanda mwingine. Ninawahimiza walimu wa kike na wa kiume walitaje jambo hili darasani.

La mwisho linahusu usalama. Tembo dume huendelea kukua miaka mingi baada ya jike kupunguza kasi, hadi kufikia tani 6 wakati jike ana karibu 3, kwa kuwa mafanikio yake ya kuzaa huja ukubwani. Hali ya masti, yaani kipindi ambacho tembo dume hupandwa na ashiki na ukali, kwa tembo wa Afrika ilielezwa na watafiti Joyce Poole na Cynthia Moss kutokana na tembo wa Amboseli mwaka 1981, na dalili zake ni rahisi kujifunza: majimaji yanayochuruzika kati ya jicho na sikio, mkojo unaodondoka mfululizo na kulowesha miguu ya nyuma, na harufu kali inayofika hata garini. Dume wa namna hiyo anatafuta jike aliye tayari na yuko tayari kupigana na yeyote. Mkimwona, gari lisisimame kati yake na kundi la majike. Dereva arudi nyuma polepole akiwa bado na nafasi, na picha zipigwe kwa mbali.